Vijana wa Vyuo Vikuu na Elimu ya Kuazima



Mambo yanayozungumzwa mabarazani siku hizi ni mengi, na mengi yao hayana haja ya kuandikwa. Lakini liko moja lililoingia majumbani mwetu kimya kimya bila ya kubisha hodi, nalo ni hili la mashine zenye kujibu maswali na kuandika insha, ambazo watu waziita akili bandia; wengine husema akili mnemba, na wengine akili unde. Kijana wako aliyeko chuo kikuu aijua mashine hiyo kuliko awajuavyo jirani zake. Na wewe mzazi unayemlipia ada, huenda hujapata kumwuliza hata siku moja aitumia vipi.

Utaniambia: wewe mwalimu wa madrasa, uliyesomeshwa juu ya jamvi na ubao, una nini na mambo ya vyuo vikuu? Jawabu yangu ni nyepesi. Kwa lugha yetu sisi watu wa pwani, chuo ndiko mtoto alikopelekwa kusoma Qur'ani kabla hajakijua chuo chengine, na zamani hata kitabu chenyewe kiliitwa chuo. Aliyebobea katika elimu twamwita mwanachuoni. Basi hicho kikuu ni ndugu yake hiki kidogo, na maradhi yakiingia katika kimoja hayakosi kukifikia cha pili. Tena mimi nimefunza zaidi ya miaka arobaini. Watoto niliowashika mkono wakaandika alifu na be, leo wana watoto wao walioko vyuo vikuu, wengine hapa Mombasa, wengine Dar es Salaam na Unguja, na wengine ng'ambo. Wakija likizo hunipitia, hunisalimu, na hukaa nami. Ninayoyaandika hapa ni niliyoyaona kwao na niliyoyasoma, wala sikuyaokota njiani.

Tuanze kwa kukijua kitu chenyewe, kwani kukihukumu kitu usichokijua ni dhulma. Mashine iliyovuma kuliko zote yaitwa ChatGPT, na ilitolewa kwa watu tarehe 30 Novemba 2022 na kampuni ya Marekani iitwayo OpenAI. Baada yake zikafuatana nyingine za makampuni mengine. Namna zinavyotengenezwa ni kuwa mashine hulishwa maandishi mengi mno, vitabu, magazeti na yaliyomo katika intaneti, kiasi ambacho binadamu hawezi kukisoma hata akipewa umri wa watu elfu. Kisha hufunzwa kukisia: baada ya neno hili, neno lipi lafaa lifuate? Kwa kukisia huko, neno kwa neno, huandika sentensi, ikawa ukurasa, ikawa kitabu. Ni kama mtu aliyekaa katika kila baraza la dunia, akasikia kila lililosemwa, la haki na la batili, asiulize hata mara moja ni nani aliyelisema. Mtu huyo akizungumza utadhani ajua kila kitu. Na asipojua haonekani kuwa hajui, kwa sababu ulimi wake ni ule ule.

Nisieleweke kuwa nasema chombo hiki ni cha watu wengine na sisi hakituhusu. Hesabu zinazoziendesha mashine hizi huitwa algorithimu, na jina hilo latokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Na neno aljebra latokana na jina la kitabu chake. Wala si huyo tu. Mwezi wa Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilieleza jinsi vijana wetu wa Nairobi walivyoajiriwa, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa, kuyasoma maandishi machafu na kuyatia alama, ili mashine ya ChatGPT ifunzwe kuyaepuka. Kwa hivyo jasho la watu wetu limo ndani yake. Haitupasi kuiogopa kama jini, wala haitupasi kuitukuza. Ni chombo, na chombo huulizwa swali moja: kimo mkononi mwa nani, naye akifanyia nini?

Ama wanafunzi wakitumia kwa kadiri gani, Uingereza wamefanya uchunguzi. Taasisi yao inayoshughulika na siasa ya elimu ya juu iliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu wapatao elfu moja. Mwaka 2024 waliosema watumia mashine hizi walikuwa 66 katika kila 100. Mwaka 2025 wakawa 92. Waliozitumia katika kazi zinazotahiniwa walikuwa 53 katika 100, na baada ya mwaka mmoja wakawa 88. Na 18 katika kila 100 walisema wazi kuwa maneno ya mashine wameyatia katika kazi zao kama yalivyo. Hiyo ni Uingereza, ambako maktaba zimejaa na walimu si haba. Huku kwetu sina hesabu ya kukupa, lakini nina macho.

Na haya ndiyo niliyoyaona. Kijana mmoja, mjukuu wa jirani yangu, alinijia likizo akiwa na karatasi kumi na mbili alizozipiga chapa vizuri. Alikuwa ameambiwa aandike habari za wakfu katika miji ya pwani, jinsi wazee walivyoziweka nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti na mayatima, na jinsi mali hizo zilivyosimamiwa. Alinitaka niisome kabla hajaipeleka kwa mwalimu wake. Nikavaa miwani nikasoma. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kama uzi wa seremala. Lakini nilipofika penye majina ya vitabu alivyovitegemea, nilisimama. Vitatu katika hivyo vilinasibishwa na masheikh wa pwani ninaowajua, na mmoja wao baba yangu alisoma darsa kwake. Majina ya masheikh yalikuwa ya kweli. Vitabu havikuwako.

Nikamwuliza, "Mwanangu, kitabu hiki umekiona?"

Akasema, "Hapana, Maalim."

"Umemwona mtu aliyekiona?"

"Hapana. Nimepewa na mashine."

"Na mashine imekiona wapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo sikulitarajia: "Maalim, sikuwaza kuwa yaweza kutunga kitabu."

Msomaji wangu, kijana huyu si mwongo. Namjua tangu utotoni mwake. Ni mtoto mwenye adabu, haikosi jamaa ya Alfajiri akiwa mtaani. Hakukusudia kumdanganya mtu. Lakini lau karatasi zile zingekwenda, angekuwa amewasingizia maiti watatu vitabu wasivyoviandika, na huenda mwanafunzi mwengine angezitegemea karatasi zake, na wa tatu akamtegemea huyo, hata uwongo ukapata ukoo. Nilipomwambia hayo alinijibu, "Lakini Maalim, kila mtu hufanya hivi." Nikamwambia, "Wingi wa watu barabarani si dalili kuwa barabara yaenda mjini."

Wala usidhani kuwa mtego huu ni wa wanafunzi peke yao. Mwaka 2023 mjini New York, mawakili waliosoma na kuhitimu walipeleka mahakamani hoja zao, na ndani yake mlikuwa na hukumu sita za kesi ambazo hazikupata kuwako. Mashine ilizitunga, na mmoja wao alipoiuliza kama ni za kweli, ikamjibu kuwa ni za kweli. Hakimu akawatoza faini ya dola 5,000. Waliaibika mbele ya dunia, si kwa kutumia mashine, bali kwa kuacha kuhakikisha.

Hapa ndipo mwenye kusoma madrasa ana neno la kusema. Sisi tulifunzwa kuwa habari haina thamani mpaka ijulikane imepita katika vinywa gani. Wanavyuoni wa Hadithi walijenga elimu nzima juu ya jambo hilo, elimu ya isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, sawa na mwaka 870, alitoka kwao Bukhara akazunguka Hijazi, Iraki, Sham na Misri, akikusanya na kupima. Hakupima maneno tu. Aliwapima na watu walioyasema. Ama mashine hii haina isnadi. Ukiiuliza imepokea kwa nani, yaweza kukutungia na isnadi yenyewe. Hiyo haina maana kuwa kila isemalo ni uwongo, kwani mengi isemayo ni sahihi. Maana yake ni kuwa kazi ya kuhakikisha imebaki juu yako wewe, wala huwezi kuiwakilisha.

Na liko jambo la pili tulilofunzwa, nalo ni heshima ya neno "sijui". Imam Malik bin Anas wa Madina, pamoja na ukubwa wake, ni mashuhuri kwa wingi wa maswali aliyoyajibu kwa neno hilo. Mashine hizi hulisema kwa nadra kuliko zinavyopaswa. Kijana anayekua akizungumza usiku na mchana na mjuzi asiyesema "sijui" aweza naye kuona haya kulisema, na hapo ndipo mlango wa elimu unapofungika.

Walakini nitakuwa si mwadilifu nikikuonyesha upande mmoja wa sarafu. Yuko binti mmoja wa mtaa wetu asomaye uuguzi. Babake ni mvuvi, na mamake huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Darasa lao lina wanafunzi mia mbili na ushei, na mwalimu akishamaliza kusema hutoka. Wa kumwuliza ni nani? Binti huyu alinieleza kuwa alipoanza alikuwa akilia usiku kwa kutofahamu, kwa sababu somo ni gumu na lugha yake ni ngumu zaidi. Sasa akirudi nyumbani huifungua simu na kuitaka mashine imweleze jambo lile kwa Kiswahili, tena kwa mifano. Nilipomtahadharisha alicheka kwa adabu akaniambia, "Maalim, mimi siiombi inipe jawabu. Naiambia iniulize mimi. Nikikosea inionyeshe nilipokosea, kisha nalitazama tena katika kitabu cha chuo." Halafu huweka simu mbali, akaandika kwa mkono aliyoyafahamu.

Nilipomsikia nilikumbuka namna tulivyosomeshwa sisi. Mwalimu hakukusomea wewe ukakaa kitako. Wewe ndiye uliyesoma, naye akisikiliza, na ulipokosea alikusimamisha. Binti huyu, bila ya kufunzwa na mtu, ameigeuza mashine ikawa msikilizaji wake. Huyu na yule kijana wa wakfu watumia chombo kimoja. Mmoja ameajiri mchukuzi ambebee mzigo. Wa pili amepata mtu wa kumsaidia kujitwisha.

Na haya si maoni yangu tu. Uturuki wanachuoni wa Marekani waliwafanyia majaribio wanafunzi wa sekondari wapatao elfu moja katika somo la hesabu. Waliwagawa mafungu. Fungu moja lilipewa mashine ya kawaida inayojibu kila iulizwalo. Fungu la pili lilipewa mashine iliyofungwa mdomo, isiyotoa jawabu bali hutoa kidokezo, kama afanyavyo mwalimu mwema. Fungu la tatu halikupewa kitu. Walipokuwa wakifanya mazoezi, wenye mashine ya kawaida waliwashinda wasio nayo kwa asilimia 48, na wenye mashine ya vidokezo kwa asilimia 127. Furaha ilioje! Lakini mtihani ulipokuja na mashine zikaondolewa, wale waliozoea kupewa jawabu walifanya vibaya kuliko wasiopata mashine kabisa, kwa asilimia 17. Wale wa vidokezo hawakudhurika hivyo. Na la kuogofya zaidi, waliopungukiwa hawakujijua kuwa wamepungukiwa, walidhani wamejifunza.

Kwa upande wa pili, chuo kikuu cha Harvard kiliwajaribu wanafunzi 194 wa fizikia, wakasomeshwa na mashine iliyopangwa kwa uangalifu na walimu wenyewe, imwongoze mwanafunzi hatua kwa hatua bila ya kumtolea jawabu lote kwa mara moja. Wakajifunza zaidi, na kwa muda mfupi zaidi, kuliko walipokuwa darasani. Basi zingatia, msomaji: asemaye mashine hizi ni haramu tupu amekosea, na asemaye ni heri tupu amekosea. Chombo kinachomlazimu kijana afikiri chamfaa. Kinachomwondolea kufikiri chamla.

Sasa nataka tufikiri pamoja juu ya neno moja la lugha yetu. Mtu akimaliza chuo kikuu hupewa nini? Hupewa shahada. Nasi Waislamu twajua shahada ni nini. Ni ushahidi. Karatasi ile yenye muhuri ni watu wazima wanaosimama mbele ya umma na kusema: twashuhudia kuwa huyu ayajua mambo haya, mwaminini. Mgonjwa akilazwa kitandani, akaja muuguzi na sindano, mgonjwa haombi mtihani. Ameuamini ushahidi ule. Mwenye nyumba anayejenga ghorofa ya pili hamwulizi mhandisi hesabu zake. Ameuamini ushahidi ule. Mzazi anayempeleka mtoto shule hamtahini mwalimu. Mji mzima wakaa juu ya shahada hizi kama nyumba ikaavyo juu ya msingi. Basi mwanafunzi aliyeandikiwa kazi zake, akahitimu kwa jasho lisilokuwa lake, shahada yake ni ushahidi wa uwongo. Na uwongo huo hautabaki katika fremu ukutani. Utakwenda wodini, utakwenda kazini, utapanda ghorofani. Siku dawa itakapotiwa kipimo kisicho chake, hapatakuwa na muda wa kuitoa simu mfukoni. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri, na elimu ya kuazima haisitiri zaidi, kwa sababu nguo humvua mwenyewe tu, na elimu huwavua wengine.

Utasema: kuandikiwa kazi si jambo jipya. Ni kweli. Kabla ya mashine hizi, walikuwapo vijana wengi Nairobi waliokuwa wakiwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha kwa malipo, wakesha usiku ili mtoto wa tajiri apate shahada. Uingereza mwaka 2022 ikatunga sheria ya kuiharamisha biashara hiyo. Lakini zamani mwenye kutaka kuandikiwa alihitaji pesa, na kumtafuta mtu, na kuogopa. Leo hahitaji pesa wala hamwogopi mtu, na jambo lenyewe hulimaliza kabla chai haijapoa. Udhia ulikuwa ni ukuta, ukuta umeanguka. Kilichobaki kumzuia kijana ni dhamiri yake, na dhamiri haisomeshwi chuo kikuu. Husomeshwa nyumbani.

Kwa hivyo nawageukia wazazi wenzangu. Twapenda kuwalaumu vijana, lakini hebu tujitazame. Mama ameuza bangili zake, baba ameuza kipande cha shamba, mtoto akaenda chuo kikuu. Anaporudi likizo twamwuliza nini? "Wamaliza lini?" "Umepata daraja gani?" "Mtoto wa fulani keshapata kazi, na wewe?" Ni nani kati yetu amwulizaye, "Umejifunza nini mwaka huu? Hebu nieleze nami nijue." Mtoto anayeulizwa habari ya karatasi tu ataileta karatasi, kwa njia yoyote aipatayo. Sisi ndio tuliomfundisha kuwa elimu ni karatasi.

Na walimu wa vyuo vikuu nao wana fungu lao. Mwalimu anayetoa swali lile lile mwaka hadi mwaka, na kazi aletewayo asiisome, amwalika mwanafunzi aiendee mashine. Na wako waliokimbilia dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa. Zimetengenezwa programu zinazodai kuyatambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 wanachuoni wa chuo kikuu cha Stanford walizijaribu saba kati ya hizo kwa insha 91 zilizoandikwa na watu wenyewe, watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa ni kazi ya mashine, asilimia 61. Kampuni ya OpenAI yenyewe ilikuwa imetoa kitambuzi chake Januari 2023, ikakiondoa Julai mwaka ule ule kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Basi fikiri, mtoto wetu wa pwani aliyejitahidi akaandika Kiingereza cha sawa sawa, huambiwa: haya si yako!

Jambo hilo nimelishuhudia. Kijana mmoja niliyemsomesha, asomaye ualimu katika chuo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja, alihukumiwa na programu ya namna hiyo akaambiwa amedanganya. Alikaa wiki tatu hali chakula vizuri. Mamake alinijia akilia, akiogopa atafukuzwa na deni la ada libaki. Nilimwambia kijana: omba usikilizwe. Omba wakuulize kwa mdomo, neno kwa neno. Wakakubali. Wakamkalisha mbele ya walimu wawili, wakamwuliza kwa nini ulisema hivi, na hili ulilipata wapi, na kama ungeambiwa kinyume chake ungejibu nini. Aliwajibu yote, na akawaonyesha daftari alilotengenezea kazi yake, lenye makosa na mifuto. Wakamwachia. Mashine ilimtuhumu, ulimi wake na daftari lake vikamtoa.

Msomaji, dawa ya jambo hili si mpya. Ni ile ya chuo kidogo: msikilize mwanafunzi. Hakuna aliyepata ijaza kwa sheikh wa zamani kwa kupeleka karatasi. Alikaa mbele yake, akasoma, akaulizwa, na sheikh akaridhika naye. Ndipo akaambiwa: sasa nenda ukasomeshe. Vyuo vikuu vingi duniani vimeanza kurudia mitihani ya mdomo na ya kuandika kwa mkono darasani. Najua kuwasikiliza watu mia mbili ni kazi, na walimu ni wachache. Lakini hata kumsikiliza kila mmoja kwa dakika kumi katika muhula kwafichua mengi.

Ama wewe kijana unayeyasoma haya, pengine kwa kulazimishwa na babu yako, nakupa nasaha chache, nazo si nzito. Kwanza, fikiri wewe kabla ya kuiuliza mashine. Andika ulichonacho hata kikiwa kibovu. Kibovu chako kina uhai. Pili, usiiombe jawabu pale unapotakiwa ujifunze. Iombe ikuulize, ikueleze, ikukosoe. Tatu, usinukuu kitabu ambacho hukukishika, wala usilitaje jina la mtu kwa neno ambalo hukuhakikisha kuwa ni lake. Hiyo ni amana ya walio hai na ya waliokufa. Nne, mwalimu wako akiweka sharti, litimize. Na ukiwa umesaidiwa na mashine, sema kuwa umesaidiwa. Kusema kweli hakukupunguzii daraja kama kunavyokupunguzia kufichuliwa. Tano, mambo ya dini yako, talaka yako, mirathi ya ndugu zako, usiyamalize na mashine. Isome kama usomavyo gazeti, kisha mwendee mwenye elimu anayekujua wewe na hali ya nyumba yenu, atakayebeba jukumu la alilolisema mbele ya Mola wake. Mashine haitaulizwa kitu Siku ya Kiyama.

Marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy aliifasiri Qur'ani nzima kwa Kiswahili, ikatoka kamili mwaka 1969 baada ya vipande vyake kutangulia. Ilikuwa kazi ya miaka. Leo yuko kijana atakayekwambia kuwa mashine yafasiri ukurasa kwa nukta moja. Kweli yafasiri. Lakini miaka ile haikuzaa kitabu peke yake. Ilimzaa na Sheikh. Mtu alimwendea hata kwa jambo lisilokuwamo kitabuni, akampa jawabu, kwa sababu elimu ilikuwa imeshakaa kifuani. Hilo ndilo ninalolihofia, wala siihofii mashine yenyewe: tusije tukawa na karatasi nyingi kabatini, na tusimpate hata mmoja wa kumwendea.

Basi usiku wa leo, ikiwa una mwana aliyeko chuo kikuu, mpigie simu. Usimwulize habari za mtihani. Mwambie akueleze jambo moja alilojifunza wiki hii, kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili chenu cha nyumbani. Akiweza, mwombee dua na umshukuru Mungu. Akishindwa, usimgombeze, mwambie utampigia tena wiki ijayo, na utaliuliza lile lile.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, sisi na vizazi vyetu, na atuepushe na kushuhudia tusiyoyajua. Amin.